Nyumba Inapoinama, Tumwite Fundi Gani?

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa mwaka jana, mvua za kwanza zilipokuwa zimekwisha kuanza hapa Bukavu, mama mmoja wa mtaa wetu alipiga hodi mlangoni petu, mkononi ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Mama huyo ni mjane. Ana watoto watano, na mkubwa wao yu katika mwaka wa mwisho wa shule ya sekondari. Akatuambia: «Mwalimu, nisomee karatasi hii kabla sijatia sahihi. Fundi ananingoja nyumbani, na shemeji yangu amekaa naye.»

Tuliisoma. Ilikuwa karatasi ya makisio ya gharama, ile ambayo mafundi wetu huiita devi. Maneno yake yalikuwa machache: kusawazisha nyumba na kutengeneza sakafu iliyozama, mifuko 30 ya simenti, mchanga na kokoto, kazi ya siku sita, jumla dola 950, na nusu yake ilipwe leo. Fedha hizo ndizo zote alizoachiwa na marehemu mume wake, na ndani yake mlikuwamo karo ya mwaka mzima ya yule mtoto mkubwa.

Hatukumwambia atie sahihi, wala hatukumwambia amfukuze fundi. Tulimwomba atupeleke tukaione nyumba. Leo twapenda kuwaeleza tuliyoyaona huko na sababu za maswali tuliyoyauliza, maana katika mji huu wa vilima wako baba na mama wengi wa jamaa wenye karatasi kama ile mfukoni.

Lakini kwanza yatupasa kuungama kosa letu wenyewe. Miaka minne iliyopita baraza la nyumba yetu lilianza kuzama. Mama wa watoto wetu ndiye aliyeligundua jambo hilo: alipoosha sakafu, maji hayakutoka tena nje bali yalirudi ukutani. Kisha ufa ukatokea kando ya mlango, na mlango ukakataa kufungika. Tukasema kama wasemavyo wote, usipoziba ufa utajenga ukuta, tukamwita mtu mwenye ofisi, mwenye gari na mhuri. Alikuja, akatazama kwa muda wa dakika kumi, akatuandikia karatasi nzuri ya Kifaransa yenye mistari iliyonyooka. Nasi, kwa kuwa tumesoma, tukaipenda karatasi.

Wafanyakazi wake walijaza ufa kwa simenti na kupaka rangi juu yake. Halafu walimwaga tabaka jipya la zege juu ya baraza lililozama, unene wa sentimita 8, hata likawa sawa kama meza. Furaha yetu ilidumu tangu mwezi wa nane hata Noeli. Ilipofika Pasaka, baraza lilikuwa limezama kuliko kwanza, tena safari hii lilikuwa likiuvuta ukuta pamoja nalo.

Baadaye tulifanya hesabu ambayo ingalitupasa kuifanya mbele, sisi tunaowafundisha watoto wa watu hesabu. Baraza letu lina urefu wa mita 6 na upana wa mita 1 na nusu. Kwa unene wa sentimita 8, zege lililoongezwa ni mita za ujazo 0,72. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito upatao kilo 2400. Basi udongo ule uliokuwa umeshindwa kulibeba baraza la kwanza, tuliutwika mzigo mwingine wa kilo 1700 na zaidi, tukalipa dola 400 kwa kuutwika, tukakaa miezi mitano tukilipa deni. Na mama wa watoto wetu, ambaye tangu mwanzo alikuwa amesema kwamba maji ya paa yaanguka palepale penye ufa, hakutukumbusha hata mara moja. Afadhali angalitukumbusha.

Methali ile ya ufa na ukuta ni ya kweli, ila wengi wetu twaisikia vibaya. Twadhani kuziba ufa ni kuujaza simenti. Ufa ni habari uletewayo na ukuta, kwamba upande mmoja wa nyumba umekaa mahali pake na upande mwingine umeondoka. Ukiuficha habla ya kujua kwa nini umeondoka, na kama bado waendelea kuondoka, umejinyima njia ya pekee ya kujua. Kwa hiyo fundi atajaye bei kabla ya kuuliza maji yaenda wapi, sisi hatumtaki tena, hata akija na mihuri mitatu.

Mwaweza kuuliza: mbona maji? Basi tusemeni kidogo juu ya udongo wetu. Udongo mwekundu wa vilima vya Bukavu ni mawe ya volkano ya zamani sana yaliyooza yakawa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa sita hata wa nane, hukauka na kusinyaa. Mvua zinaporudi hunyonya maji, hulegea na kuwa mzito. Nyumba iliyokaa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka kidogo kidogo. Kama nyumba yote yainuka na kushuka pamoja, hakuna neno. Shida ni pale upande mmoja upatapo maji kuliko mwingine.

Sasa watazameni wajengao kwenye mteremko. Mtu akipata kiwanja hukata kilima upande wa juu, na udongo aliokata huutupa upande wa chini hata mahali pawe sawa kwa macho. Kisha hujenga. Nusu ya nyumba yake yakaa juu ya udongo mgumu ulioshindiliwa na Muumba tangu zamani za kale, na nusu ya pili yakaa juu ya udongo uliomwagwa kwa beleshi juma lililopita, ndani yake mkiwa na majani, mizizi na takataka. Nusu hiyo ya pili lazima itashuka. Wengi wetu twakaa katika nyumba mbili zilizounganishwa chini ya bati moja, na ufa wapita hasa pale zikutanapo.

Tena liko paa. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Hesabu hii wanafunzi wetu huijua. Paa la mjane yule lina mita za mraba zipatazo 60. Mvua moja kubwa ya milimita 50 yalimwagia lita 3000, yaani mapipa 15 yale ya lita 200. Hapakuwa na mfereji wa bati ukingoni. Maji yote yalikuwa yakianguka upande wa chini, miguuni pa ukuta, penye ule udongo wa kumwagwa. Hebu fikirini mtu aje kila siku ya mvua kumwaga mapipa 15 penye msingi wa nyumba yenu, je, mngemwacha?

Si paa peke yake. Bomba lililotoboka chini ya ardhi, shimo la choo lililochimbwa karibu mno na ukuta, mfereji wa jirani wa juu umaliziao maji yake uani kwako, vyote hufanya kazi ileile, tena mchana na usiku, hata wakati wa kiangazi.

Mahali pengine jambo hili lapita uwezo wa mwashi yeyote. Huko Funu na pande zake, kilima chenyewe chasonga. Wataalamu walilinganisha picha zilizopigwa kwa ndege na kwa setilaiti kwa muda wa miaka ipatayo 70, na katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 walionyesha kwamba mwendo wa udongo ule umeongezeka kadiri nyumba zilivyozidi kujengwa juu yake. Mwenye nyumba mahali kama hapo, afadhali aitunze fedha yake ya kuhamia kuliko kuizika katika msingi. Twajua kwamba neno hili ni chungu kwa mtu asiye na kiwanja kingine. Hata hivyo fundi apokeaye fedha ili azuie kilima kisitembee, huyo ni mwizi, au hajui kazi yake.

Ziko pia nyufa za siku moja. Tetemeko la tarehe 3 mwezi wa pili mwaka 2008 lilipasua kuta nyingi katika mji huu. Ufa uliozaliwa siku ile na tangu hapo haukuongezeka hata unywele, huo wazibwa bila hofu kubwa. Ufa unaokua ndio wa kuogopwa. Na utajuaje kama unakua? Bandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa, simenti kidogo huku na simenti kidogo huku, uandike tarehe kando yake. Ukuta ukisogea, kioo hupasuka, maana hakijui kunyumbuka. Ni kazi ya robo saa, na gharama yake ni kioo cha dirisha lililovunjika.

Basi tulifika kwa yule mama. Shemeji yake alikuwa ameketi barazani pamoja na fundi, mzee mwenye mvi, ambaye aliinuka kutusalimu. Tuliomba ruhusa tuzunguke nyumba. Tulikuwa tumechukua mpira mwembamba wa maji, ule uonyeshao maji yaliyomo ndani, na kwa huo mtu yeyote aweza kupima nyumba yake. Ujaze maji pasipo kuacha mapovu ya hewa. Mtoto mmoja ashike ncha moja kwenye pembe ya chumba, wewe ushike ncha nyingine kwenye pembe ya pili. Maji yakitulia, pande zote mbili ni sawasawa. Tia alama ukutani kwa kalamu ya risasi, zunguka pembe zote, kisha pima tangu alama hata sakafuni. Hapo hakuna awezaye kukudanganya.

Katika chumba cha watoto, pembe mbili za upande wa kilima zilikuwa sawa. Pembe moja ya upande wa chini ilikuwa imeshuka kwa sentimita 6. Tulipogonga sakafu kwa fimbo, upande wa juu ulilia kama jiwe, na upande wa chini ulilia kama ngoma, dalili ya kwamba udongo umekwisha kushuka na kuliacha zege likining'inia. Ukuta wa nje ulikuwa na ufa uliopanda kama ngazi, tofali kwa tofali, mwembamba chini na mpana juu; juu kabisa uliingiza kidole. Ufa wa namna hiyo waonyesha kwamba pembe ya nyumba yashuka. Kama ungalikuwa mpana chini na mwembamba juu, ungalisema kwamba katikati ya ukuta ndipo pazamapo. Na ile mistari miembamba kama uzi, ipitayo huku na huku juu ya simenti ya ukuta tu, haina haja ya kumkosesha mtu usingizi. Ni simenti iliyokauka upesi.

Hapo tukaona kwamba karatasi ilitaja kazi mbili tofauti kana kwamba ni moja. Sakafu iliyozama ni kazi moja, na ukuta ulioshuka ni nyingine, tena yenye hatari zaidi.

Sakafu huvunjwa upande ule uliozama. Udongo uliolegea huondolewa wote, hata ukiwa wa kina cha goti. Kisha hurudishwa udongo mzuri usio na majani, tabaka kwa tabaka, kila tabaka lisizidi sentimita 15, na kila moja hushindiliwa kabla ya kuweka jingine. Fundi mvivu hujaza shimo lote mara moja, akashindilia juu tu. Juu pawa pagumu na chini pabaki kama mkate. Baadaye mawe, kisha zege, kisha maji ya kulinywesha zege kwa muda wa siku saba lisikauke upesi. Siku hizi, Marekani na Ulaya, wako mafundi watoboao matundu madogo katika sakafu iliyozama, wakasukuma chini yake kwa pampu uji wa udongo na simenti, au povu liumukalo na kuwa gumu, hata sakafu ikainuka pasipo kuvunjwa. Ni kazi nzuri penye udongo uliokwisha kutulia. Lakini mtu akikuahidi kazi hiyo hapa mtaani, mwambie akuonyeshe pampu yake kwanza, maana tumesikia habari za mmoja aliyekuja na ndoo na faneli.

Nyumba za mbao twazipita upesi. Hizo huinuliwa kwa jeki ya lori, kidogo kidogo, nguzo kwa nguzo, na mawe mapana huwekwa chini yake. Ukuta wa matofali haupendi kuinuliwa; mara nyingi fundi mwenye akili husema, nitauzuia usishuke tena, wala sitaahidi kuurudisha ulipokuwa. Ahadi ndogo ya namna hiyo huwafanya wenye nyumba wamdharau, wakamfuata mwenye ahadi kubwa.

Kuuzuia ni kuchimba chini ya msingi wa zamani na kuweka zege mpaka kufikia udongo mgumu. Na hapa ndipo watu hufa. Ukichimba upande wote mara moja, ukuta hauna tena pa kukaa, nao huanguka juu ya wachimbao, au juu ya walalao ndani. Yafaa kugawa. Ukuta wa mita 6 hugawanywa vipande sita vya mita moja. Huchimbwa cha kwanza na cha nne tu. Zege humwagwa humo, likaachwa pengo la upana wa kiganja chini ya msingi wa zamani. Baada ya siku moja au mbili pengo hilo hushindiliwa mchanga na simenti yenye maji machache, hata pasibaki nafasi. Vikiisha kushika, ndipo huchimbwa cha tatu na cha sita, na mwisho cha pili na cha tano. Kazi hiyo haimaliziki kwa siku sita.

Hata wakubwa wa kazi hii hukosea. Ule mnara wa Pisa, katika Italia, ulioanza kujengwa mwaka 1173, uliinama tangu bado haujakamilika. Mwaka 1934 walitoboa msingi wake matundu mengi, wakaujaza uji wa simenti, wakidhani kuutia nguvu. Mnara ukazidi kuinama. Mwaka 1990 ulifungwa watu wasiingie. Ndipo wataalamu wakaamua kuondoa udongo kidogo kidogo chini ya upande ule usiozama, mpaka mnara ukarudi nyuma karibu nusu mita. Mwisho wa mwaka 2001 ukafunguliwa tena. Tulipoisoma habari hii tulijifariji juu ya baraza letu.

Turudi kwa mjane. Tulimwuliza mzee: «Mzee, karatasi yako yasema siku sita. Utachimba namna gani?» Akatuangalia kwa mshangao. Akachukua kijiti, akachora ukuta chini mavumbini, akaugawa vipande sita, akatuonyesha cha kwanza na cha nne. Akasema kwamba siku sita ni za sakafu, na ukuta wataka majuma mawili. Mbona basi haikuandikwa hivyo? Mzee hajui kuandika; kijana mmoja wa jirani ndiye aliyemwandikia, naye alisikia nusu.

Tukafanya hesabu ya simenti mbele yao wote. Chumba kina mita 3 kwa mita 4. Zege la sentimita 10 ni mita za ujazo 1,2. Kwa kilo 350 za simenti katika kila mita ya ujazo, ni kilo 420, yaani mifuko 9 ya kilo 50, na wa tisa haumaliziki. Chini ya ukuta, mita 6 za urefu, sentimita 60 za upana na sentimita 80 za kina, zapata kuwa mita za ujazo 2,88. Kwa kilo 300, ni mifuko 18. Jumla 27, na mitatu ya kushindilia na kumalizia. Mifuko 30, sawasawa na karatasi ilivyosema. Mzee alikuwa ameipata hesabu hiyo kichwani mwake, pasipo kalamu. Tulikuwa tumekuja tukiwa tayari kumwona mdanganyifu, kwa sababu ya maandishi mabaya, sisi tuliokwisha kudanganywa na maandishi mazuri.

Likabaki swali moja. «Mzee, na maji ya paa?» Mzee akanyamaza, akamtazama shemeji. Ndipo tukajua kwamba fundi alikuwa ametaja mfereji wa bati na mtaro wa kupeleka maji mbali, dola 140, na shemeji alikuwa ameufuta ili bei ishuke. Shemeji akasema: «Mwalimu, nilitaka kumpunguzia mke wa marehemu kaka yangu gharama. Mfereji utangoja mwaka ujao.» Hakusema kwa ubaya, alikuwa ameshughulika majuma mawili kutafuta fundi, na bila yeye huyo mama angalihangaika peke yake. Tulimjibu kwa heshima kwamba hata sisi tulikata kilekile katika nyumba yetu, tukamweleza habari ya baraza. Akacheka kidogo. Kisha akamwuliza fundi mwenyewe: «Kama tungefanya kimoja tu mwaka huu, tufanye kipi?» Mzee akajibu pasipo kusita kwamba ni mfereji, ingawa jibu hilo lilimwondolea mfukoni kazi ya dola 950.

Karatasi mpya iliandikwa siku ileile mezani pa mama, nasi tukiwa mwandishi. Tuliitenga kazi ya maji, kazi ya sakafu na kazi ya ukuta, kila moja na bei yake. Tuliandika kwamba simenti atainunua mama mwenyewe na kuitunza chumbani, mfuko kwa mfuko. Kwamba hakuna nusu italipwa mbele. Kwamba fundi atalipwa udongo uliolegea ukiisha kuondolewa na kuonekana kwa macho, tena ukiisha kushindiliwa, tena zege likiisha kumwagwa. Na kwamba sehemu moja ya kumi itangoja mpaka mvua kubwa za mwezi mmoja zipite juu ya kazi. Tuliandika namna ya kuchimba, kipande cha kwanza na cha nne, kama mzee alivyochora, na kwamba siku za kuchimba hakuna alalaye katika chumba kile. Tuliisoma kwa sauti kwa Kiswahili, maana mapatano yaliyoandikwa kwa lugha ambayo mmoja hasikii ni mapatano ya mtu mmoja. Fundi akatia alama ya kidole, mama akatia sahihi, shemeji akawa shahidi.

Jambo jingine ambalo tungependa kila mmoja alifanye kabla ya hayo yote: mwombe fundi akupeleke kwenye kazi yake iliyokwisha kunyeshewa mvua za mwaka mzima. Kazi ya juzi haisemi neno. Baraza letu nalo lilikuwa zuri mpaka Noeli. Mzee alitupeleka kwenye nyumba mbili, na katika ya pili mwenye nyumba alitukaribisha chai akatusimulia mabaya na mazuri yake. Mabaya yake ni kwamba huchelewa asubuhi.

Mfereji na mtaro vilikwisha kabla ya katikati ya mwezi wa kumi. Ngazi ya ufa ilibandikwa vioo vitatu, vyenye tarehe. Karo ya mtoto mkubwa ililipwa. Kioo cha chini na cha juu vipo vizima hata leo. Kile cha katikati kilipasuka mwezi wa tatu, na hofu ikaingia nyumbani. Shemeji alitaka ukuta uchimbwe mara moja. Mzee aliitwa, akaja siku ileile (akachelewa asubuhi), akazunguka, akapanda kwa jirani wa juu, akakuta bomba lake limetoboka, maji yakipenya chini ya udongo kuelekea kwa mama. Lilitengenezwa kabla ya jua kuchwa. Kioo kipya kiliwekwa, nacho mpaka sasa ni kizima.

Kiangazi kimefika. Juu ya ukuta hawajapatana bado. Mzee asema tungoje mvua za mwaka mmoja zaidi, huenda hautahitaji kuguswa. Shemeji asema simenti yapanda bei kila siku. Mama amekwisha kuamua juu ya sakafu. Mifuko tisa imo chumbani mwake, imepangwa juu ya mbao isiguse chini, na Jumatatu wataanza kuvunja. Watoto watalala kwetu.